Saa Yangu Iliyokuwa na Njaa

Mimi niliyetoka hai kwenye lori lililopinduka, juzi nimeuawa na saa.

Tangu biashara iwe ruksa, jirani yangu Mwaisaka huvuka mpaka kwenda Malawi kuleta majembe. Safari moja akarudi na saa ya dhahabu. Wivu ukanila. Nikauza ng'ombe, nikanunua kama ile ile. Yangu ikawa inasimama. Fundi Ambilikile wa sokoni Tukuyu akaisafisha, ikasimama tena, na ya Mwaisaka inatembea tu! Nikajua fundi na Mwaisaka wamebadilisha matumbo ya saa zetu.

Siku ya soko nikapaza sauti mezani kwa fundi: "Jamani, mwizi huyu hapa, yeye na Mwaisaka!" Watu wakajaa.

Ambilikile akaniuliza taratibu, "Baba, saa hii hujitia ufunguo yenyewe mkono ukicheza. Mwenzio hulima chai ameivaa. Wewe je?"

Mke wangu akadakia kutoka kwenye ndizi alizokuwa akiuza: "Huyu? Tangu aivae hajashika jembe, eti itachubuka! Kazi yake kulaza mkono mezani, watu waione."

Mwaisaka, naye akiuza pale pale, akachomoa jembe jipya kwenye bidhaa zake, akanikabidhi mbele ya soko zima.

"Shika, jirani. Saa yako ina njaa."