Kifutu Chini ya Iliki za Kinole

Laiti ningekataa kuweka ile fimbo chini! Shemeji yangu alinitania, nami mzee mzima nikaogopa kushindwa utani. Lakini wajukuu zangu, twendeni pamoja tangu mwanzo, maana mlinituma wenyewe. Mlitaka habari za nyoka wa kweli wa milimani, nami nikaahidi kuwaletea.

Asubuhi niliondoka Morogoro mjini. Ukungu ulikuwa umefunika Uluguru, na moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha.

Mkuyuni gari lilisimama tununue ndizi. Nikamuuliza muuzaji habari za nyoka.

"Shikamoo baba. Mimi swila kanitemea juzi, bandani kwa kuku!"

"Marahaba. Ukafanyaje?"

"Nikaosha macho kwa maji mengi, nikakimbilia zahanati. Jirani alitaka kunitia maziwa, nikamwambia akapikie chai!"

Swila hula mayai, panya na vyura. Akibanwa hutema sumu, na hulenga macho.

Kinole nilipokewa na shemeji Asha, mdogo wa marehemu bibi yenu. Njiani kuelekea shambani alinivuta shati. "Simama! Kile si kijiti."

Nikakodoa macho. Kijiti cha kijivu kiliyumba kama kinapeperushwa, na upepo haukuwepo! Alikuwa ukukwi, nyoka mwembamba wa mitini, akimnyemelea kinyonga. Ana sumu kali, lakini hakuwa na habari na sisi. Nusura nipige makofi.

Shambani, iliki huzaa chini kabisa ya shina, kwenye majani makavu. Kwa hiyo wachumaji huchokora majani kwa fimbo kwanza, ndipo hupeleka mkono. Mkazi wa pale ni kifutu: mnene, rangi ya majani hayohayo. Hamfukuzi panya, humsubiri apite. Hatagi mayai, huzaa watoto hai. Na ukimkaribia hakimbii, hutulia tu akiamini hujamwona.

Nilichokora kwa bidii. Asha akapaza sauti ili wanawake wenzake wasikie:

"Hee, mume wangu! Unaparua kama kuku! Dada yangu aliolewa na mwanamume au na fimbo?"

Wakaangua kicheko. Nikaweka fimbo chini, nikaingiza mkono wa kushoto.

Nikasikia pumzi kali, kama tairi linalotoa upepo, kisha moto kidoleni.

"Shemeji, nilikuwa natania!" Asha alipiga kelele. Papo hapo akaivuta pete yangu ya fedha kabla kidole hakijavimba. Mmoja alileta wembe, mwingine kamba. Asha akawafukuza wote wawili. "Hakuna kuchanja, hakuna kufunga! Tulia, usiuchezeshe mkono. Leteni pikipiki!"

Safari ya kurudi nilikaa katikati, dereva mbele, Asha nyuma akinishikilia, mkono umevimba hadi kiwiko. Hospitalini mjini nilitundikiwa dawa ya sumu ya nyoka, nikapona.

Kifutu hakunifuata, wajukuu zangu. Mimi ndiye niliyempelekea mkono nyumbani kwake. Asha hulia kila akiniona, nami humwambia: wewe ulitania, aliyeweka fimbo chini ni mimi.

Pete naivaa shingoni kwa uzi. Kidole alichonivishia pete hiyo bibi yenu kilioza kwa sumu, kikakatwa.