Kinu Kibovu Nilichokiandikisha

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, hata kama siku hizi nasahau nilipoweka miwani. Kaa hapo. Nitakwambia mara moja tu, maana kuisimulia kunanichosha.

Jana ulikuja na furaha kwamba watu wa umeme wanatafuta wenye mashine watakaokubali kuzima wakiitwa, siku umeme ukipungua, na kwamba watawalipa hata mwezi ambao hawakuwaita. Ukasema utaandikisha mashine zako zote za kuchomelea vyuma, pamoja na ile mbovu ya nyuma, kwani nani atakuja kuangalia. Sikukasirika, ilikuwa kama kujisikia mimi mwenyewe nikiongea zamani.

Nikiwa wa umri wako nilikuwa na vinu viwili vya kusaga unga wa posho, kijijini karibu na Isecheno. Umeme wetu ulitoka kwa mtambo mdogo wa mtoni, nao ulitosha kijiji na zahanati, isipokuwa wakati wa kiangazi maji yakishuka. Kamati ya mtambo ilitaka kununua jenereta ya akiba. Mzee Lihanda, fundi wa mtambo, akasema kuna njia nyingine: wenye vinu waahidi kuzima king'ora cha mtambo kikilia, na kwa kukaa tayari hivyo bili yao ipunguzwe kila mwezi. Tukakubali wote, na jenereta haikununuliwa.

Mimi nikaandikisha vinu vyote viwili. Cha pili kilikuwa kimeungua mota tangu Krismasi. Wewe wacha tu, nilijiona mjanja kweli! Kinu hakisagi hata gorogoro moja ya mahindi, na bado kinanipunguzia bili. Nilikuwa nacheka peke yangu nikifunga mlango.

Mwezi wa pili, alasiri moja, king'ora kikalia. Nikazima kile kinu kinachofanya kazi, nikawaambia akina mama wasubiri, nikaketi kama mtu aliyetimiza wajibu wake. Hazikupita dakika kumi mtambo ukazidiwa na umeme ukakatika kila mahali. Lihanda alikuwa amehesabu vinu vyangu viwili vitanyamaza, kumbe kimoja kilikuwa kimenyamaza miezi miwili.

Zahanati nayo ikakosa umeme. Mmbone, jirani yetu, alikuwa na mtoto wa siku mbili kwenye mashine ya oksijeni. Sista wa zahanati alimpulizia hewa kwa kifuko cha mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Umeme ulirudi baada ya saa nzima, na mtoto akafariki jioni hiyo. Sista alisema mtoto alizaliwa mdogo sana, pengine hangepona hata umeme ungekuwepo. Hilo neno “pengine” nimelibeba miaka yote hii, na nimechoka nalo.

Asubuhi Lihanda alikuja, akaomba kuonyeshwa kinu cha pili. Akagusa ile mota iliyoungua, akajipangusa masizi kwenye suruali. Hakupaza sauti.

“Kijana, mimi sikukuhesabu kama mtu wa kunisaidia,” akasema. “Nilikuhesabu kama maji. Ukiniambia utazima, hayo kwangu ni maji ya ziada mtoni. Sasa nionyeshe, yako wapi?”

Akaondoka bila kungoja. Hakumwambia mtu. Wiki tatu baadaye Mmbone alileta mahindi yake kama kawaida, nikamsagia, nikakataa malipo, akanishukuru sana. Kushukuriwa kule kuliniumiza kuliko tusi. Bado anapitanga hapa Jumapili akienda kanisani, ananisalimia mulembe, na mpaka leo sijamwambia.

Kwa hiyo sikiliza. Andikisha mashine zinazofanya kazi, tena zile tu utakazoweza kuzima wateja wakiwa wamesimama mlangoni wakikusema. Nyingine usizitaje. Hao watu wa umeme wakikulipa ukae tayari, ujue kuna kitu wameacha kununua kwa sababu yako. Na mahali fulani kutakuwa na mtu usiyemjua, amelazwa, anaishi kwa neno lako, na hatakuwa na nafasi ya kuja kukuuliza kama ulikuwa unasema ukweli.

Nenda na baraka zangu, mwanangu. Mungu akupe kazi nyingi, mikono yenye nguvu, na uso unaoweza kumtazama kila jirani yako.