Jogoo wa Mchana

Mama yangu aliitwa Jogoo, na si kwa sababu ya kuwahi kuamka. Mchana kweupe alikuwa hamwachi mtu asinzie. Mteja akipitiwa na usingizi kwenye benchi la duka letu la ushonaji, mama aliweka pasi ya mkaa chini na kumtikisa bega: "We, amka! Umekula?" Watu walicheka. Mimi nilikuwa nakereka, maana nilijua kinachomsumbua.

Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa kaka yangu, aliamka na homa, akatapika, akakataa chakula siku nzima. Alasiri akalala. Wifi yangu, mama wa mtoto, alitaka kumwamsha anywe uji. Mama akasema, "Mwache alale. Usingizi dawa." Yule mtoto hakuamka.

Majirani walinong'ona kwamba ni mkono wa mtu. Mtoto wao wa pili, wa kike, alipolegea vilevile, wifi hakungoja ushauri. Alimbeba mbio hadi hospitali, akapona. Daktari alitueleza: tukikaa na njaa, ini hutengeneza sukari lenyewe ili tusizimike. Ini la mtoto huyu lilikosa kimeng'enya kimoja, yaani kichocheo cha kazi hiyo, na huenda la kaka yake pia. Basi asikae na njaa, hasa akiugua.

"Kimenya?" mama aliuliza. "Kinamenya nini?"

Nilicheka peke yangu, nikaona haya.

Tangu hapo akawa Jogoo. Mjukuu alikua, akanenepa, akawa anamkimbia bibi na bakuli lake. Lakini wifi hakuwahi kumwambia mama neno juu ya alasiri ile, la lawama wala la msamaha. Walifanya kazi bega kwa bega, huyu anashona, yule anapiga pasi, na mama analingoja neno hilo. Iliniuma kumtazama.

Uzee ulipomlaza kitandani, aligoma kusinzia. Macho mekundu, anamwita mjukuu: "Umekula?" Wifi akaacha cherehani, akaketi kando yake, akamshika mkono.

"Amekula, mama. Siku ile hukujua. Hata mimi sikujua. Lala sasa."

Mama alilia, kisha akalala. Uji wake ulipoanza kupoa nilitaka kumwamsha. Wifi akanizuia.

"Mwache alale."

Jioni tulimkuta ameshakwenda. Baada ya maziko wifi alirudi kwenye cherehani, akakanyaga bila kitambaa, kisha akanigeukia.

"Wifi, au tungemwamsha?"