Saa Tatu Kamili, Maungu

Nilistaafu kazi ya reli Voi nikiwa na magoti mabovu na imani kwamba Mungu mwenyewe hupenda ratiba. Basi kanisa letu liliponifanya mwinjilisti na kunipa tawi dogo la Maungu, nililiongoza kama stesheni. Ibada ni saa tatu. Saa tatu kamili nilitia komeo mlangoni, na aliyechelewa akae nje mpaka mahubiri yaishe. "Treni haimngojei mtu," niliwaambia, nikajiona nimenena.

Nilikuwa na kola nyeupe ya utumishi, na barua ya uteuzi yenye mhuri niliyoitundika ukutani kwa fremu. Nilichokosa ni watu. Mtu akiugua, aliitwa nyanya mmoja aliyekata mkonge Mwatate tangu usichana wake, asiye na cheo chochote kanisani, hata cha kufagia. Ndoa ikiyumba, nyanya. Mtoto akifaulu mtihani, ni nyanya wa kushukuru Mungu pamoja nao. Miezi minane nilingoja mtu mmoja tu aniambie, "Niombee." Hakutokea. Iliniuma, sitaficha. Ulikuwa wivu mtupu, nami nikauita uchungu wa kazi ya Mungu.

Tena wachelewaji karibu wote walikuwa wanawake, na nyanya huyo ndiye aliyekuwa mbele yao. Walinieleza taratibu kwamba maji ya mfereji miezi ile yalitoka Jumapili asubuhi peke yake, na ukikosa foleni ya kioski cha maji, nyumba yako inakaa wiki nzima ikiomba majirani. Nikawajibu kwamba anayempenda Mungu ataamka mapema zaidi. Watu ambao jogoo huwakuta macho! Leo nikikumbuka jibu lile, natamani ardhi inimeze.

Jumapili moja nikafunga kama kawaida. Ndani kulikuwa na wanaume, nusu ya kwaya na watoto wachache. Nilikuwa katikati ya hubiri juu ya utii niliposikia pambio nje. Wanawake walikuwa wameketi kwenye kivuli cha ukuta, mitungi yao mbele yao, nyanya akiongoza kwa sauti yake iliyokwaruza. Wa kwanza kuitikia mle ndani alikuwa mpiga ngoma wangu mwenyewe. Kisha kwaya. Nikapandisha sauti, nao wakapandisha. Mzee wa kanisa akainuka, akafungua komeo bila hata kunitazama, akatoka, na wote wakamfuata. Nikabaki mimi na viti.

Nilikasirika. Nikatoka na maneno makali mdomoni. Pambio lilikuwa limekwisha na nyanya alikuwa akiomba, macho amefumba, na aliyekuwa akiombewa ni mimi.

"Baba, huyu mwinjilisti wetu ni mtu wa kweli. Haibi, hadanganyi. Lakini amekaa na sisi na hajatujua bado. Watu wanasema aondolewe. Mimi nakuomba asiondolewe. Mfundishe tu, Baba, pole pole."

Kumbe kulikuwa na mpango wa kunirudisha Voi, na aliyenisimamia mbele za Mungu ni yule niliyemfungia mlango! Barua yangu haikuwa na nguvu hiyo. Nikavua kola, nikapiga magoti yangu mabovu kwenye changarawe, nikasema wote wakisikia: nimekosa, nimewafungia nyumba isiyo yangu, nisameheni.

Nyanya akanishika mkono nisimame.

"Tumesikia, mwanangu. Sasa Jumapili ingine kuja kioski. Na ukuje na mtungi."

Siku hizi ibada yetu huanza maji yakishachotwa. Huwa tunatoka kioski tukiimba, malori ya Mombasa yakitupigia honi, na kanisa linajaa mpaka watu huketi madirishani. Lakini furaha yangu kubwa ilianzia kwenye ile foleni ya kwanza.

Nilifika mapema, nikajiona bingwa, nikakuta mitungi arobaini mbele yangu. Mama mmoja Mwislamu mwenye duka la nguo alinionea huruma. "Ushikilie mtungi kwa mguu, baba, la sivyo utarukwa kwenye foleni." Nikaushikilia. Saa mbili ikafika, mfereji haukutoa hata tone. Saa tatu ikapita, nami nikaitazama ikipita. Wanawake wakaanza kunyamaza, kila mmoja akifikiria wiki yake. Ndipo nyanya, aliyekuwa mbele kabisa, akageuka na kunitafuta kwa macho.

"Mchungaji," akaita. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. "Tuombee."

Nilitafuta maneno yangu makubwa ya mimbarini, sikuliona hata moja. Nikaomba kama mtu mwenye mtungi mtupu: "Baba, tuna kiu, na watoto wana kiu. Tupe maji leo." Nikaishia hapo.

"Amina!" ikatoka foleni nzima, kuanzia kwenye mfereji mpaka nyuma yangu kwa yule mama wa duka, aliyekuwa amefungua viganja vyake viwili. Nikalia waziwazi, mguu wangu ukiwa bado umeushika mtungi.