Mvi za Kwenye Negativu

Juzi nilikuwa kwenye studio moja hapa Nyeri nikingoja picha za pasipoti, akaingia mama mwenye mvi na negativu ya filamu ndani ya bahasha. Ametoka Kiriaini, alisema, maana amesikia hapa kuna kompyuta ya kuhifadhi picha za zamani.

Mpiga picha aliitia kwenye skana. Kijana mwenye nywele nyeusi ti akatokea kwenye skrini, akitabasamu.

"Ni mtoto yangu," mama akasema. "Alikufa mwaka huo huo wa hii picha."

"Pole, mama. Sasa hawezi kupotea. Hii negativu unaweza kutupa."

Mama aliipokonya, akaiinua dirishani kwa vidole viwili. Nikachungulia begani mwake. Kwenye negativu kila kitu hugeuka, na nywele nyeusi huwa nyeupe.

"Huko kwa kompyuta ako kijana tu," akasema polepole. "Hapa ako na mvi kama mimi. Huwa naangalia vile angezeeka."

Mpiga picha alimrudishia bahasha kwa mikono miwili.

Nyuma yetu ukutani palikuwa na tangazo jipya: KWA KOMPYUTA, PICHA YAKO HAIZEEKI. Mimi ni mpenzi wa mashine mpya, lakini siku hiyo nililiziba kwa mgongo, mama asilione, mpaka akatoka.