Kifungu cha Ridhaa

Halmashauri sitaitaja, wala kata yangu. Inatosha kusema iko juu huku Ufipa, mahali ambapo mwezi wa sita upepo unapita kwenye mabua ya mahindi mchana kutwa na watu wanavaa makoti hadi saa sita. Nilikuwa diwani wa kata hiyo. Kabla ya hapo nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na hadi leo mtu akinikatiza nikiongea natamani kumsimamisha kando ya ubao. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nilinyamaza wiki ile kwa sababu mimi ni mpole. Upole sikujaliwa.

Kwetu mavuno yakiisha, mkulima humkaribisha mfugaji. Ng'ombe wanaingia shambani, wanakula mabua, wanalala hapo siku kadhaa wakiacha samadi, kisha wanahamia kwa jirani. Hakuna karatasi. Mwenye shamba akisema ingiza, mfugaji anaingiza. Aliyekuwa akilaza ng'ombe kwangu ni mzee mmoja aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa pamoja na familia yake, siku nyingi, mtoto wangu wa mwisho akiwa bado mgongoni. Watu wa kijijini walimsema kwa hili na lile, kama wanavyosemwa wahamiaji wote wenye ng'ombe wengi, lakini kila msimu walikuwa wanampigia simu kugombania samadi yake.

Jumapili moja, kesho yake ningeondoka kwenda mjini kwenye vikao, mzee alikuja nyumbani. Alikataa chai. Alisema kuna karatasi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, na mtu aliyemsomea alimaliza kusoma akaondoka haraka bila kumwangalia usoni.

"Mama diwani," akasema, "wanasema ng'ombe akikutwa shambani anakamatwa. Hata kwenye shamba la mtu aliyenikaribisha?"

Nikaingia ndani nikatoa kabrasha langu. Ilikuwa rasimu ya sheria ndogo ya kudhibiti mifugo, na mle ndani kilikuwemo kifungu kilichosema kwamba mifugo iliyoingia kwa ridhaa ya mwenye shamba haitahesabiwa kuwa imevamia. Nikamsomea mara mbili, taratibu, kama ninavyowasomea watoto imla. Akauliza kama kifungu hicho kitabaki. Swali lake liliniudhi kidogo, maana niliona kama ananipima.

"Mzee wangu, mimi ndiye ninayekwenda kuipitisha," nikamwambia. "Shambani kwangu hakuna mtu atakayekugusa."

Akashukuru, akaondoka. Nilijisikia vizuri sana jioni ile, nikapanga nguo zangu za wiki nzima huku naimba.

Jumatatu asubuhi bodaboda ilinipitisha mbele ya ofisi ya kata, nikaona watu wanachimba mashimo nyuma ya jengo. Nguzo mbichi za mkaratusi zilikuwa zimelazwa kwenye nyasi, ndefu, nyingi. Nikashuka nikamuuliza mtendaji wa kata wanajenga nini. Mtendaji wetu alikuwa kijana mstaarabu, hanitamki bila kuanza na mheshimiwa. Akasema ni zizi la kushikilia mifugo. Nikamwambia sheria yenyewe bado haijafika hata kwenye kamati. Akatabasamu, akasema wao wanatekeleza maelekezo tu. Nikamuuliza maelekezo ya nani, akasema ya juu. Nilipanda tena pikipiki tukaondoka.

Lakini nilikuwa na langu, na hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Akina mama wa kata yangu wanaouza mboga na maharage pembeni ya barabara walikuwa wanafukuzwa na mgambo kila wiki, mabeseni yanapigwa mateke, nyanya zinabiringika hadi mtaroni. Niliomba kura kwa nyanya hizo. Nilikuwa nimeandikiwa rasimu ya sheria ndogo ya masoko ambayo ingewapa mahali panapotambulika na kukataza kuwafukuza, na mara tatu ilikuwa imeahirishwa kwa visingizio ambavyo hata mtoto wa darasa la pili angeona aibu kuvitoa. Nilikuwa nimeapa kwamba mara hii nitakufa nayo.

Jumanne nzima nilikuwa kwenye kamati. Wakanihoji mipaka ya soko, wakanihoji vyoo, mjumbe mmoja akauliza kama wanaume watakaouza mchicha nao watahesabiwa kuwa akina mama, watu wakacheka, nami nikacheka kwa meno tu. Mashine ya kunakilishia iliishiwa wino, ikabidi nikimbilie duka moja la Katandala nikatoe nakala mwenyewe, nikarudi nimezikumbatia kifuani zisipeperuke. Saa kumi ikapita. Nilikuwa nimechoka kama mtu aliyelima kutwa, na furaha yangu haikuwa ya kificho. Ile ya mifugo nayo ilipita siku hiyohiyo, kifungu cha ridhaa kikiwamo. Nilikitazama kwa macho yangu.

Asiyeijua kazi hii hudhani sheria inapitishwa ukumbini. Ukumbini tunakwenda kusema ndiyo. Mambo yanaamuliwa siku moja kabla, kwenye kikao cha madiwani wa chama, mlango ukiwa umefungwa na simu zetu zote zimekusanywa kwenye beseni la plastiki. Lililoamuliwa humo halipingwi nje. Ukilipinga umewavua nguo wenzako, na mwaka wa uchaguzi wenzako hawatakusahau. Ndivyo tulivyolelewa humo, na mimi niliwahi kuwakaripia madiwani wageni waliotaka kulijadili upya jambo mbele ya watu.

Jumatano tukakaa. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa sauti ndogo, ukitaka kumsikia lazima uache kupumua. Akafungua ya mifugo, akasema kuna marekebisho kidogo. Ridhaa ya mdomo haina ushahidi, akasema, kwa hiyo kifungu kile kinaondolewa. Badala yake mfugaji atakuwa na kibali cha maandishi kutoka ofisi ya kata, na mwenye shamba atakayeingiza mifugo bila kibali naye atakuwa ametenda kosa. Mifugo itashikiliwa, na isipokombolewa kwa wakati itapigwa mnada. Alisoma bila kupandisha wala kushusha sauti. Nikakumbuka zile nguzo, nikaelewa kwamba zilikatwa na mtu aliyejua mapema kitakachosomwa siku hiyo.

Nilivuta pumzi niseme. Sentensi nilikuwa nayo, nzima, na mfano nilikuwa nao. Mwenyekiti hakunipa nafasi, au alinipa kwa namna yake. Akafunua ukurasa akaniangalia.

"Na inayofuata ni ya masoko, ya mama yetu hapa. Nadhani hizi mbili hazina mwenye neno. Au yupo?"

Mtu mmoja akakohoa. Nilitazama nakala zangu za Katandala, nikazipanga kingo zikae sawa, nikazipanga tena. Sikuwa na neno. Nikaziona nyanya mtaroni, nikamwona mzee amekaa barazani kwangu, nikachagua. Sitaki kudanganya kwamba nilichanganyikiwa.

Kwa dada yangu, mtaa wa Chanji, nilikofikia, jioni ile nilishindwa kula ugali. Akaniuliza nina nini, nikamjibu kwa ukali, akaniacha. Nikashika simu nimpigie mzee. Nikaiweka. Nikajiambia kibali ni karatasi tu, atakata kama wengine. Nikajiambia bado lazima ipelekwe wizarani ikasainiwe, na mambo yakipelekwa huko hukaa. Nikajiambia mambo mengi ya maana, na kila moja lilinituliza kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Alhamisi tukavaa majoho. Akina mama wangu walikuja wamejaza lori, wamevaa vitenge vya sare, wakakaa kwenye viti vya wananchi wakinipungia mikono. Ikasomwa dua. Ikaja ya mifugo, mwenyekiti akauliza wanaoafiki, nikasema ndiyo. Sauti yangu ni ya mwalimu, hata nikinong'ona inafika nyuma ya darasa, kwa hiyo nilijisikia. Ikaja ya masoko, nikasema ndiyo tena, na akina mama wakapiga vigelegele hadi askari wa mlangoni akashindwa kuwanyamazisha. Nikalia hadharani. Nilifurahi kweli. Nilikuwa nimetimiza nilichoahidi, na nilikuwa naona haya, na vyote viwili vilinikaa kifuani kwa pamoja. Tulipotoka mwenyekiti alinishika mkono, akasema kwa ile sauti yake kwamba nimetumia busara.

Ijumaa nilirudi kijijini. Zizi lilikuwa limekamilika, lango limefungwa kwa kufuli jipya, na ndani hamkuwa na kitu. Njia ya kwenda kwa mzee inachepuka hapohapo. Nilimwambia wa bodaboda anipeleke nyumbani kwanza nipumzike.

Nilipumzika miezi. Nilikutana na mzee mnadani, nikakutana naye msibani, akanisalimu vizuri na kuuliza habari za watoto. Kila mara nilitaka kumweleza na kila mara ilikuwa vigumu zaidi kuliko mara iliyopita, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini sikusema mapema. Sheria ilirudi imesainiwa mvua zikiwa zinaanza. Ikabandikwa kwenye ubao ule ule juu ya karatasi ya zamani, na watu waliona ni ile ile waliyokwisha kusomewa. Nilimuuliza mtendaji kuhusu vibali. Akasema vitabu vya vibali bado havijaletwa, mheshimiwa. Nikamuuliza kama ukamataji nao utasubiri vitabu. Akasema ukamataji hauhitaji kitabu.

Mavuno yakafika. Mzee akapiga simu kama miaka yote, akauliza aingize lini. Hapo palikuwa mahali pa kusema. Ningesema usiingize, angeuliza kwa nini. Nami nilikuwa na wazo lingine, la kijinga na la kiburi, kwamba hakuna mgambo atakayethubutu kukanyaga shamba la diwani. Nikamwambia aingize hata kesho.

Siku ya pili, asubuhi, jirani alinipigia kuniambia ng'ombe wameondolewa shambani kwangu, wote. Nilitembea kwa miguu hadi ofisi ya kata. Zizi nililisikia kabla sijaliona. Mzee alikuwa ndani ya ofisi amekaa kwenye benchi, kofia mapajani, viatu vimejaa umande, na mtendaji alikuwa mezani na fomu. Nilisimama mlangoni. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba nilimkaribisha mimi. Nilijua maana yake: nitakuwa nimekiri kosa chini ya sheria niliyoipitisha kwa mdomo wangu, miezi michache kabla ya uchaguzi, na kijana yule angeliandika neno kwa neno. Nilijua pia kwamba nisiposema, mzee atakuwa mvamizi, na ng'ombe wa mvamizi hawarudi kirahisi.

Mtendaji alinisalimu kwa heshima zote, kisha akamgeukia mzee akamuuliza ni nani aliyemruhusu kuingiza mifugo kwenye shamba la mheshimiwa.

Mzee aliniangalia. Si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayepima mzigo wa mwenzake aone kama ataubeba, halafu akageukia meza.

"Hakuna," akasema. "Niliingia mwenyewe."

Kalamu ya mtendaji ikabaki hewani. Akaniuliza kama ndivyo ilivyo. Upepo ulikuwa unaligonga bati la ofisi, na nakumbuka nilisubiri utulie, kama vile ungetulia.

"Andika kama alivyosema," nikajibu.

Akaandika. Mzee akabonyeza dole gumba kwenye wino, akaliweka alipoonyeshwa, akafuta kidole kwenye suruali. Mwezi haukuisha ng'ombe wakapigwa mnada, na mzee na familia yake wakahamia upande wa Mwazye kwa ndugu zao. Lakini hayo niliyasikia kwa watu. Ninachokumbuka mimi ni pale alipoinuka kwenye benchi kutoka nje, nami nikiwa bado mlangoni sijasogea. Mtu yule ana umri wa baba yangu. Alivua kofia aliyokuwa ameshaivaa, akainamisha kichwa, akaniamkia shikamoo. Na mimi, kwa mazoea ya miaka yote ya darasani, nikaitikia marahaba.