Mjukuu Wangu Aliendelea Kufundisha Baada ya Kuzikwa

Tulimzika mjukuu wangu Alhamisi.

Jumatatu asubuhi simu yangu ikatoa ule mlio wa video mpya. Nikabonyeza kama nilivyozoea. Yeye huyo, na kilemba chake cha kijani, anacheka.

"Habari za kazi, wasimamizi. Leo tunaongelea ile kazi ambayo ikichelewa inachelewesha zote."

Simu ikaniponyoka, ikaangukia kwenye sinia la maharage niliyokuwa nachambua. Humo humo kwenye maharage akaendelea kufundisha.

Sikupiga kelele. Nilianza kumwondolea maharage usoni.

Waombolezaji wa mwisho walikuwa sebuleni wanakunja mikeka. Waliposikia sauti ya marehemu, kila mtu aliacha mkeka wake pale pale. Shangazi yake mmoja alitoka bila viatu, na mpaka leo hajavifuata.

Naandika hapa kwenye ukurasa wake kwa sababu mmekuwa mkimwandikia. Mmoja ameuliza mbona siku hizi hajibu. Mwingine akasema dada ameota mapembe kwa kuwa ana wafuasi wengi.

Hajaota mapembe. Hayupo.

Mimi ni bibi yake. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie, naandika polepole.

Mtoto huyu nimemlea tangu anatambaa, mama yake alipoolewa mbali. Nyumbani tulimwita Ratiba, na wala hatukuwa tunamsifia. Alikuwa msumbufu. Mko njiani kwenda sokoni, yeye anauliza tukitoka sokoni tunafanya nini, na mvua ikinyesha je, na wewe Bibi ukichoka nani atabeba kikapu. Babu yake alimdekeza kuliko alivyowahi kunidekeza mimi, basi nikawa namwita mke mwenzangu. Naye hakukosa jibu. "Mke mwenzangu, leo zamu yako kufua."

Kazi alianzia kwa mkandarasi mmoja, kuchemsha chai na kuandika nani kaja nani hajaja. Kulikuwa na msimamizi pale, mzee mkali, sura kama amelamba ndimu. Wengine walimkimbia. Ratiba alimfuata na maswali mpaka mzee akakata tamaa, akawa anamfundisha kusoma ramani saa ya chakula.

Akatoka kwenye birika akapewa stoo. Akatoka stoo akapewa choo cha shule akisimamie. Chekeni mkitaka. Yeye alikisimamia kile choo kama anajenga ikulu.

Mwisho wakamkabidhi jengo la wodi ya wazazi, ghorofa nzima. Lilipokwisha alinipeleka nikalione kabla wagonjwa hawajahamia. Nilipapasa ukuta, bado una ubaridi wa rangi mpya, nikamuuliza kwani wewe umejenga sehemu gani. Akacheka. Akasema hajashika hata tofali moja, kazi yake ilikuwa kuhakikisha anayeshika tofali analikuta tofali.

Hiyo ndiyo kazi yake, kama mlikuwa hamjui jinsi ya kuieleza kwa mama zenu.

Kufundisha kulianza baada ya yule mzee wake kustaafu. Alisema, "Bibi, mimi nilibahatika kupata mtu wa kunionyesha. Wapo walioko kwenye birika sasa hivi na hawana mtu."

Ndipo akaniajiri mimi.

Nasema kweli. Kila somo mlilosikia akiwa hai, mimi nimelisikia kwanza. Aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, mimi nikikaa kitandani na kazi yangu ya mikono, yeye anaeleza. Akimaliza ananigeukia. "Haya, Bibi, nisimulie umeelewa nini." Nikishindwa kusimulia, anafuta, anaanza upya. Alisema kama maneno yake hayaeleweki kwa mtu anayechambua maharage, hayataeleweka kwa fundi mwenye jua kichwani. Siku moja nilisinzia katikati. Hakuniamsha. Akaandika "limefeli," akanifunika shuka.

Masomo mengine hayakurushwa wakati ule. Kama lile la fundi na mwenye nyumba. Nilimjibu vizuri tu, kwa maoni yangu. Akazima simu, akaenda jikoni, akakaa huko mpaka chai ikachemka ikakauka. Nikajua nimemfelisha tena.

Sasa, mwaka jana alianza kukonda.

Nilimuuliza. Akasema vidonda vya tumbo. Nikamuuliza tena, akasema uchovu wa saiti, huko wanakojenga. Mjomba wake, yaani mwanangu, akamtania kwamba anajikondesha kwa ajili ya mwanamume. Akacheka naye.

Huku anapanga. Paa la chumba changu lilikuwa linavuja tangu babu yake yu hai, likazibwa. Bafuni akanifungia chuma cha kushikia nisiteleze. Dawa zangu za presha akampa mjomba wake jukumu la kuzifuata, na akamfanyisha zoezi kabisa, mjomba amwonyeshe njia atakayopita. Nikasema huyu ni Ratiba, ndivyo alivyo.

Sikujua alikuwa anakabidhi.

Siku aliyoanguka hatukukaa naye hospitali muda wa kuzoea kitanda; akafariki. Daktari akatuita pembeni, akasema ugonjwa huu mgonjwa aliujua tangu mwaka jana, na tangu siku ile ya kwanza hakukuwa na la kufanya.

Niliuliza mara moja tu. "Alijua?"

Daktari akasema alijua, mama.

Mnakumbuka somo lake lililopendwa kuliko yote? Lile la habari mbaya. Alisema msimamizi hafichi habari mbaya. Anaipeleka mapema, ikiwa bado mbichi, kwa sababu mwenye mradi ana haki ya kujua. Mlilisambaza mpaka likanirudia mimi kwa watu wa kanisani.

Ulimwengu mzima aliufundisha kusema. Mimi niliyemtoa kamasi akanificha.

Niwaambie ukweli, msibani sikumlilia vizuri. Watu walidhani ni uvumilivu, kwa sababu nasifika kwa uvumilivu. Kilikuwa kinyongo. Nilitazama jeneza na moyoni nikamwambia, wewe mtoto, mimi na wewe bado tuna kesi.

Na kila Jumatatu anakuja kwenye simu, anacheka, anafundisha.

Kuna binti aliyempigia picha masomo ya mwisho, wenzake wanamwita Lenzi, alikuja kunieleza. Ratiba alikuwa amerekodi masomo mengi mbele kwa mbele na kuyapanga yajirushe yenyewe. Nikamuuliza kama naye alijua. Akainamisha kichwa, akasema aliambiwa kwa sababu ya kazi, na akaapishwa asiseme.

Mwanangu akataka yazimwe yote. "Mama, hii sauti inakumaliza."

Nikamwambia akigusa ile simu atafute mama mwingine.

Sikuwa nasikiliza kwa mapenzi tu, mnielewe. Nilikuwa nasubiri. Nilisema huyu mtu wa mipango, aliyekumbuka hata chuma cha bafuni, hawezi kuondoka bila kuniambia kwa nini. Lazima ameliweka mahali. Somo linakwisha, halimo. Jumatatu nyingine, halimo.

Mpaka Lenzi akanipigia, akasema Bibi, kesho ndilo la mwisho, nije tukae wote?

Alikuja asubuhi. Mwanangu hakwenda kazini. Tukaegemeza simu kwenye kopo la sukari.

Kilemba ni kile kile cha kijani, lakini uso umebaki macho. Alirekodi mwishoni kabisa.

Akasema leo ni kufunga mradi. Mradi ni kitu chenye mwisho, msiuogope mwisho wake. Kabidhini funguo. Washukuruni mafundi kwa majina. Kisha kaeni chini mseme kilichokwenda vizuri na kilichokwenda kombo, bila kutafuta wa kumlaumu.

Halafu akasogea karibu na simu.

"Mkilisikia hili, mtakuwa mmejua kwamba kuna mtu mmoja sikumpelekea habari mbaya. Mtasema mwalimu kavunja somo lake. Sikuvunja. Nilimuuliza mwenyewe kwanza."

Picha ikabadilika. Chumba changu. Kitanda changu. Mimi na sinia langu, nimeinamia maharage.

Sauti yake inatoka nyuma ya simu, ya kawaida kabisa. "Bibi, leo nina mfano. Fundi anamjengea mwenye nyumba. Katikati ya kazi anagundua nyumba haitakamilika, na hakuna mtu wala kitu cha kuiokoa. Mwenye nyumba anaipenda sana nyumba yake. Amwambie, au asimwambie?"

Nikajiona nikichambua. Hata kichwa sikuinua.

"Hakuna cha kufanya kabisa?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi asimwambie. Amwache mwenzake alale. Kulia kupo tu, atalia siku ikifika. Kwa nini alie mara mbili?"

Maharage yanagonga sinia.

Kisha akasema polepole, "Haya, mke mwenzangu. Nimeelewa."

Na mimi kwenye picha nikacheka, nikamwambia angalau leo sijafeli.

Video ikaishia pale.

Lenzi alikuwa amejifunika uso. Mwanangu alitoka nje akasimama amegeukia ukuta. Mimi ndipo nikalia. Nililia kilio cha msiba, kile nilichokuwa namdai Mungu anirudishie.

Siku zote nilidhani ananifanyia mazoezi. Siku ile alikuwa ananiuliza. Alikuja kwangu na kifo chake mkononi, amekifunga kwenye mfano kisinishtue, akasimama mbele yangu kusubiri nimwambie afanye nini. Na mimi nilikuwa natafuta mawe kwenye maharage.

Kesi yetu imekwisha. Kinyongo sina. Alinisikiliza, kama alivyonisikiliza tangu mdogo.

Lakini lile jibu lilikuwa la mwenye nyumba. Angeniuliza habari yake yeye, ningesema niambie, tulie wote, mara mbili, mara kumi, nikiwa nimekushika.

Ukurasa huu hautakuwa na masomo mapya. Yaliyopo yabaki, walioko kwenye birika wayakute.

Mimi nina langu moja tu la kuongeza, na si la saiti. Mtu wako akikuletea swali la fulani, fulani asiyemtaja jina, weka sinia chini. Mtazame usoni. Muulize fulani huyo ni nani.

Halafu ngoja ajibu.